Waliobaki Baada ya Kamera Kuondoka

Ukimuuliza mtu wa Leipzig Ukuta wa Berlin ulianguka wapi, atakujibu kwamba ulianguka hapa, tena mwezi mzima kabla ya Berlin wenyewe kupata habari. Anatania, lakini si sana. Jumatatu ya tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 waliifuata barabara pana inayouzunguka mji wa kati, wakapita mbele ya jengo la polisi wa siri, na hakuna risasi iliyolia. Upande wa pili walikuwapo polisi, askari na wanamgambo wa viwandani wapatao 8,000. Hospitali zilikuwa zimeagizwa kuweka akiba ya damu. Mwezi Juni bunge la Ujerumani Mashariki lilikuwa limeunga mkono hadharani kilichofanywa Tiananmen, kwa hiyo kila aliyefunga mlango wa nyumba yake jioni ile alijua kwamba huenda asirudi.

Barabara yenyewe leo haina cha kutisha. Ni kilomita tatu na ushee za tramu, taa za kuongozea magari, hoteli, benki, na miti ambayo Oktoba hii imekwisha kugeuka njano. Mtu asiye na haraka anaizunguka kabla ya saa moja kwisha. Mimi nilianzia kwenye mnara wa Kanisa la Reformed, upande wa kaskazini-magharibi, kwa sababu huko juu ndiko ilikopigwa filamu ambayo naiona kuwa muhimu kuliko zote zilizowahi kupigwa mjini humu, ingawa haina hadithi, haina muziki, na picha zake ni za giza na zinatetemeka.

Waliopanda mnarani walikuwa vijana wawili kutoka Berlin Mashariki, Aram Radomski na Siegbert Schefke. Waandishi wa nje walikuwa wamepigwa marufuku kuingia Leipzig. Mchungaji aliwaruhusu wapande, nao wakalala kifudifudi kwenye mavi ya njiwa, kamera ya video ikitazama barabarani. Kinachoonekana ni vichwa. Vichwa vinakuja, vinaijaza barabara ukingo hadi ukingo, na vinaendelea kuja. Usiku uleule kaseti ilikabidhiwa mwandishi wa jarida la Magharibi, ikavushwa mpaka, na tarehe 10 Oktoba ikaonyeshwa kwenye taarifa ya habari ya televisheni ya Ujerumani Magharibi, ikidaiwa kuwa kazi ya wapiga picha wa Kiitaliano ili wenyewe wasikamatwe. Sehemu kubwa ya wananchi wa Mashariki walikuwa wakitazama televisheni hiyo kila jioni, mapazia yakiwa yamefungwa. Mtu wa Rostock au Erfurt aliyekuwa akisikia uvumi tu, sasa aliona kwa macho. Jumatatu iliyofuata waandamanaji wa Leipzig walizidi laki moja.

Kamera za studio ya serikali, DEFA, ziliwasili kwa siku hiyo ya laki moja, wiki moja baada ya jambo lenyewe. Waongozaji Andreas Voigt na Gerd Kroske walianza kupiga picha tarehe 16 Oktoba, wakaendelea hadi tarehe 7 Novemba, na mwezi uleule filamu yao, *Leipzig im Herbst*, ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu hapahapa. Nilikuwa nimekuja kuitazama hiyo, pamoja na nyingine iliyozaliwa kutokana nayo, na kusikia watu wa mji wanasema nini taa zikiwashwa.

Sinema si mgeni Leipzig. Tamasha la filamu za hali halisi lilianzishwa hapa mwaka 1955, na alama yake ni njiwa wa Picasso. Kwa miaka mingi wageni wa Afrika, Asia na Amerika Kusini walikaribishwa, filamu za ukombozi zikapigiwa makofi, na mkazi mwenye tiketi aliweza kuiona Chile au Vietnam bila ya kuwa na pasipoti, maana pasipoti hakupewa. Novemba 1983, tamasha likiendelea, vijana waliokaa na mishumaa mbele ya sinema ya Capitol walikamatwa. Ndani watu wanatazama mapambano ya dunia nzima, nje mishumaa inazimwa.

Kanisa la Nikolai, zilikoanzia sala za amani za kila Jumatatu saa kumi na moja jioni tangu 1982, lina nguzo ambazo juu yake zimechongwa makuti ya kijani hafifu. Mtu wa pwani hawezi kuacha kuinua kichwa. Ila watalii walikuwa wengi mno, nikatoka.

Nilikokaa sana ni kwenye jengo la polisi wa siri, Stasi. Liko palepale kwenye barabara ya mzunguko, na kwa umbo lake watu huliita Kona ya Mviringo. Wananchi waliliingia tarehe 4 Desemba 1989 na kuyazuia mafaili yasichomwe, kisha kamati yao ikaligeuza kuwa makumbusho, na kwa busara ambayo naisifu hawakulipamba. Sakafu ni ileile ya plastiki yenye rangi ya chai ya maziwa. Kuta zimechoka. Hata hewa inanuka ofisi ya serikali ya zamani, ile harufu ya gundi na karatasi ambayo mtu yeyote aliyewahi kufuatilia kiwanja wizarani anaijua.

Katika chumba kimoja kuna mashine ya kufungulia barua. Nilitegemea kitu cha kishetani. Ni kimeza cha chuma chenye matundu ya mvuke, na pembeni yake kingine cha kubandika bahasha upya, isionekane kwamba iliguswa. Kazi ya kiwandani kabisa: barua zinaingia huku, zinatoka kule, zimesomwa. Kwenye rafu kuna chupa za kioo zenye kitambaa cha njano ndani. Hizo ni harufu za watu. Mtu aliitwa kuhojiwa, akakalishwa kwenye kiti, na kitambaa alichokikalia bila kujua kikahifadhiwa, ili siku karatasi ya uchochezi ikiokotwa mahali mbwa aweze kulinganisha. Kulikuwa na wanafunzi wa sekondari na mwalimu wao. Msichana mmoja aliitazama ile mashine ya barua kwa muda mrefu, akauliza, "Walipata wapi nafasi ya kusoma zote?"

Jibu ni kwamba walikuwa wengi. Mwisho wa mambo Stasi ilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000 katika nchi ya watu milioni kumi na sita, na juu yao wapasha habari wa siri kama 180,000: jirani, kasisi, mwalimu wa chuo, mume. Mafaili waliyoyaacha, yakipangwa wima kwenye rafu, yana urefu wa kilomita 111. Tangu Januari 1992 kila raia ana haki ya kuomba kulisoma lake. Sijui nchi nyingi zilizothubutu hivyo. Kwetu tunamjua shushushu wa mtaa kwa kunong'onezana, na tunakufa tukiwa hatuna hakika.

*

Jioni nilipanda tramu namba 14 kwenda Plagwitz. Niliongozana na dada mmoja wa Kitanga anayesoma chuo kikuu cha hapa. Kijerumani changu kinaishia kwenye kununua mkate, na yeye ndiye aliyekuwa masikio yangu. Filamu zilikuwa zinaonyeshwa ndani ya kilichokuwa kiwanda cha kusokota pamba, Spinnerei, mji mzima wa matofali mekundu wenye reli zake, ulioanzishwa mwaka 1884. Katika enzi zake hakikuwapo kikubwa zaidi Ulaya bara: mashine zenye visokotea 240,000 na wafanyakazi kama 4,000, na kulikuwa na nyumba za wafanyakazi, shule ya watoto wadogo na bustani za mboga. Pamba nyingine ilitoka kwetu. Mwanzoni mwa karne ya ishirini kampuni hii ilikuwa na shamba lake Saadani, enzi ya Mjerumani, na msomaji anayezijua sababu za Vita vya Maji Maji hahitaji kuelezwa pamba ilimaanisha nini kwa mababu zetu. Nilisimama uani nikahesabu madirisha ya ghorofa mpaka nikachoka. Ndani sasa kuna wachoraji, maduka ya picha za bei ya gari, na ukumbi mdogo wa sinema ambao unaruhusiwa kuingia na bia yako.

Tulikuwa kama watu arobaini. Nusu walikuwa na mvi.

*Leipzig im Herbst* ni filamu ya watu wanaozungumza huku bado hawajazoea. Waongozaji wanamsogezea kipaza sauti mwandamanaji, mfanyakazi, polisi kijana aliye kwenye utumishi wa lazima, na kila mmoja kabla ya kujibu anatazama kidogo pembeni, kuona nani anasikiliza. Mazoea ya miaka arobaini hayaondoki kwa wiki tatu. Halafu wanajibu, na kadiri filamu inavyokwenda sentensi zao zinakuwa ndefu. Hawaombi Magharibi. Wanataka uchaguzi wa kweli, magazeti yasiyodanganya, ruhusa ya kusafiri na kurudi. Nchi yao irekebishwe, basi. Kwa kuwa mimi najua mwisho wa hadithi na wao hawaujui, ilikuwa taabu kuwatazama.

Filamu ya pili, *Kehraus*, ni fupi. Kroske aliipiga mwaka 1990, na waliomvutia si viongozi wa maandamano bali wafagiaji wa barabara, wale wanaobaki na takataka umati ukishaondoka. Ni usiku, na watu watatu waliokuwa pembeni hata wakati wa ujamaa wanafanya kazi yao na kusimulia maisha yao bila kujionea huruma. Kinachoipa uzito wake ni kwamba Kroske hakuwaacha. Alirudi kwao, akatoa filamu ya pili mwaka 1997, akarudi tena, akatoa ya tatu mwaka 2006. Voigt naye alifanya vivyo hivyo kwa watu wake wengine wa Leipzig, filamu baada ya filamu, hadi 2015. Dunia ilileta kamera zake Novemba 1989, ikapiga picha za watu wanaolia na kukumbatiana juu ya Ukuta, ikafungasha. Hawa wawili walikaa. Kama kuna njia nyingine ya kupima kuanguka kwa utawala kuliko kuwarudia watu walewale na kuwauliza maisha yanakwendaje sasa, mimi siijui.

Taa zikawashwa. Aliyeanza kuzungumza alikuwa mama aliyepita makamo kidogo, koti la bluu, mkoba mapajani. Alisema alisokota pamba katika jengo hilihili tangu alipokuwa na miaka kumi na sita.

"Mashine zilikuwa hapo mlipokaa," alisema. "Kwa kelele tulizungumza kwa midomo tu. Niliandamana kila Jumatatu, na Jumanne alfajiri nikawa kazini. Sikuandamana ili kiwanda kifungwe."

Mwanamume wa safu ya nyuma akajibu kabla hajapewa nafasi. Yeye alifukuzwa chuo kikuu kwa sababu ya shairi lililobandikwa bwenini. Mwaka 1992 alisoma faili lake akakuta aliyemchongea ni rafiki aliyesimamia harusi yake. "Wewe mwenzangu ulipoteza kazi," alimwambia yule mama. "Mimi kazi niliyosomea sikuwahi kuruhusiwa kuishika."

"Si mimi niliyekunyima."

"Sikusema ni wewe."

Dada wa Kitanga alikuwa ananitafsiria sikioni, akaacha, kwa sababu wote wawili walianza kuzungumza pamoja. Aliyeongoza mjadala, kijana mpole mwenye skafu, aliinua mkono mara mbili bila mafanikio.

Hapo nieleze kidogo kilichokiua kiwanda, maana bila hivyo hasira ya yule mama itaonekana kuwa ya kuikumbuka chai ya bure. Tarehe 1 Julai 1990 Ujerumani Mashariki iliacha fedha yake ikachukua maki ya Magharibi. Mishahara ilibadilishwa moja kwa moja, na akiba ya mtu mzima hadi maki 4,000 vilevile. Wananchi walishangilia, na nani asingeshangilia? Lakini usiku mmoja tu bidhaa za viwanda vya Mashariki ziligeuka ghali kwa wateja wake wa zamani, Warusi na Wapoland, ambao hawakuwa na maki, huku madukani kwao wenyewe watu wakitaka sabuni na jamu za Magharibi. Shirika la serikali liitwalo Treuhand lilikabidhiwa mashirika ya umma zaidi ya 8,000 yenye wafanyakazi kama milioni nne, ili liuze au lifunge. Kufikia mwisho wa 1994 lilikuwa limemaliza, likiwa na hasara ya mabilioni. Wanunuzi wengi walitoka Magharibi, na wengine walinunua mshindani ili wamzike. Leipzig, uliokuwa na watu kama 530,000 mwaka 1989, ulibaki na 437,000 hivi mwaka 1998. Waliondoka vijana, hasa wasichana. Sasa mji umejaa tena, wamezidi laki sita, kodi za nyumba zinapanda na Plagwitz unapata kahawa kwa bei ya mlo, lakini wengi waliojaa si wale waliotoka.

Nilipokuwa namsikiliza mama yule nilimkumbuka mzee mmoja wa Ubungo aliyepunguzwa kazini kwenye kiwanda cha nguo katika miaka hiyohiyo ya tisini. Upepo ulikuwa mmoja. Februari 1990 Mwalimu Nyerere alitamka mbele ya waandishi kwamba kuzungumzia vyama vingi si uhaini, na akawaelekeza macho Ulaya Mashariki. Methali ya mwenzako akinyolewa ikapata kazi kila kijiwe. Vyama vikaja, ubinafsishaji ukaja, mageti yakafungwa. Yule mzee sijawahi kusikia mtu amemfuata na kamera hata mara moja, sembuse tatu.

Ukumbini mjadala ulikuwa umehamia kwenye filamu za watu wengine. Kijana mmoja aliitaja *Das Leben der Anderen*, ile iliyopata Oscar mwaka 2007, ambamo ofisa wa Stasi anamsikiliza mwandishi kwa vinasa sauti mpaka moyo wake unalainika na kumwokoa. Yule aliyefukuzwa chuo akacheka kwa sauti. Alisema hakuna ofisa wa namna hiyo aliyepata kujulikana, na kwamba hata mkurugenzi wa makumbusho ya gereza la Stasi la Berlin alikataa lisitumike kupigia filamu hiyo kwa sababu hiyohiyo. Nilikuwa upande wake. Ni filamu nzuri sana, iliyochezwa vizuri sana, na inamfariji mtazamaji kwa jambo ambalo halikutokea. Ila mama wa pamba akasema anaipenda *Good Bye, Lenin!*, ile ya kijana anayemficha mama yake mgonjwa kwamba nchi imekwisha, akihangaika kutafuta matango ya kopo ya zamani, na watu wote, hata mpinzani wake, wakatabasamu. Kumbe kicheko chao ni kimoja.

Msichana aliyezaliwa baada ya yote hayo alisimama. Alitaka kujua kwa nini, zaidi ya miaka thelathini baadaye, binamu yake wa Hamburg analipwa zaidi kwa kazi ileile, na kwa nini baba yake akiulizwa kuhusu 1989 anakwenda kuosha gari. Hakuna aliyemjibu la pili. Mtu akataja kwamba kwenye barabara ileile ya mzunguko, mwaka 2015, walipita waandamanaji wa kuwapinga wahamiaji na Waislamu, Jumatatu ileile, wakitumia kauli zilezile za 1989. Ukumbi ukaguna. Mama wa koti la bluu akasema barabara haimkatai mtu. Nilishindwa kujua kama alikuwa analalamika au anawatetea, na dada wa Kitanga, aliyeziishi Jumatatu nyingine za mji huu, hakutaka kuiuliza sauti ile zaidi.

Uani, watu wakivuta sigara, mzee mweusi mwenye kofia ya sufu alitusikia tukizungumza.

"Ninyi ni watu wa wapi?" Kiswahili chake kilikuwa cha kusini, cha Newala na Nachingwea.

"Shikamoo, mzee. Tanzania."

"Marahaba, wanangu. Mimi ni Mmakonde wa Mueda. Vita vilipokuwa kwetu nilisoma kwenu."

Alikuwa mmoja wa Wamsumbiji ambao, kuanzia mkataba wa 1979, waliletwa Ujerumani Mashariki kufanya kazi viwandani, jumla yao kama 20,000 kwa miaka yote. Waliishi mabwenini. Sehemu ya mshahara, baadaye hadi asilimia 60, ilikatwa kwa ahadi kwamba wataikuta Maputo. Hawakuikuta, ilikuwa imefidia deni la nchi yao. Wengi walirudishwa 1990 na 1991, viwanda vilipoanza kupunguza watu, na wenzao walioitwa Madgermanes wamezeekea kwenye maandamano ya kila Jumatano huko Maputo, wakidai. Septemba 1991, kule Hoyerswerda, bweni la Wamsumbiji na Wavietnamu lilishambuliwa kwa mawe, majirani wakitazama. Yeye alibaki kwa kuwa alikuwa ameoa hapa.

Nilimwuliza kwa nini hakusema neno ndani.

"Nimesema miaka mingi," alijibu. "Leo niliacha wao wagombane. Wao walipata Magharibi, sisi tulipata tiketi ya ndege. Na mle kwenye filamu uliniona?" Hatukuwa tumemwona yeyote kama yeye. "Basi. Lakini nilikuwapo. Tarehe tisa nilisimama kona ya stesheni. Msimamizi wetu alituambia tusitoke, mgeni akikamatwa anarudishwa kesho yake. Nikatoka."

*

Mama wa koti la bluu alikuwa amemwambia dada wa Kitanga twende kesho yake kwake Grünau, kama tunataka kuona wao walipowekwa, ndivyo alivyosema, "tulipowekwa". Grünau ni mtaa wa magharibi mwa mji ulioanza kujengwa mwaka 1976 kwa mabamba ya zege yanayotoka kiwandani tayari yana dirisha, yanapachikwa na kreni. Mwishoni mwa miaka ya themanini waliishi humo watu kama 85,000. Baada ya hapo karibu nusu walihama, majumba mengine yakabomolewa, mengine yakapunguzwa ghorofa za juu.

Nilipoteremka kituoni sikuhitaji kuelekezwa. Nilikwisha kuyaona majumba haya, yenye jua na nguo za kuanikwa, Unguja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, nayo ikajenga nyumba za Kikwajuni na Kilimani. Mpango wa mji wa 1968, uliozaa majumba marefu ya Michenzani, ulichorwa na mtaalamu wake. Shangazi yangu aliishi Michenzani mpaka alipofariki, na mistari ile ya madirisha ninaijua kwa miguu yangu, kwa ndoo za maji nilizompandishia.

Mama alitukaribisha kwa keki ya matunda na kahawa nyepesi. Sebuleni hapakuwa na picha ya kiongozi wala bendera. Alihamia hapa 1981 na watoto wawili, akitoka kwenye chumba chenye jiko la makaa na choo cha ngazini, na siku ya kwanza alifungua bomba la maji ya moto akaliacha wazi ili tu alisikie. Kodi haikufika sehemu ya kumi ya mshahara. Alisema watafiti wamekuwa wakiwarudia wakazi wa Grünau na maswali tangu 1979, kabla ya Ukuta na baada yake, na mwenyewe aliwahi kujaza karatasi zao. Aliponiuliza kwa nini nacheka nikamwambia kwamba tangu jana nimekuwa nikitafuta watu wanaorudi.

Kiwanda kilipofungwa alifundishwa kompyuta, halafu akafundishwa maua, halafu akafundishwa kuandika barua za kuomba kazi. Akapata kufanya usafi kwenye benki moja iliyoko kwenye barabara ya mzunguko. Alipita pale kila alfajiri kwa miaka kumi na moja. "Niliifagia njia niliyoandamana," alisema, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini jana aliifuata filamu ya wafagiaji.

Nikamweleza habari za Michenzani. Hakuamini mpaka nilipomwonyesha picha kwenye simu. Akaisogeza karibu na miwani, akahesabu ghorofa kwa kidole.

"Na lifti?"

"Hakuna."

"Hata huko!" Alicheka mpaka akashika meza. Jumba lake nalo halina. Yale marefu kabisa ndiyo yaliyowekewa, haya ya ghorofa sita watu walipanda. Sasa kampuni ya nyumba inataka kuyawekea lifti kwa nje, na kodi itapanda. Kuna mkutano wa wapangaji wiki hii. Wa ghorofa ya kwanza hawataki kulipia kitu wasichokitumia, wa juu wamegawanyika, na jirani yake aliyekuwa mwanachama wa chama tawala zamani ndiye anayeongoza upinzani, kwa hoja nzuri kabisa za haki ya mpangaji. Nilimwuliza atapigia kura upande gani, naye akatujazia kahawa kabla ya kujibu. Magoti yanasema ndiyo, alisema, mfuko unasema hapana, na yule bwana alimnyima kibali cha kumtembelea dada yake Hannover mwaka 1986, kwa hiyo kukaa upande wake inamwuma. Lakini amekwisha kumsainia karatasi.